Njia ya Mji ni Mali ya Nani?

Ukimwuliza mtoto wa shule: «Njia ya mji ni mali ya nani?» atakujibu bila kusita: «Ni mali ya wote.» Mtoto huyo amejibu vema. Lakini tutazame njia za miji mingi, nasi tutaona kwamba jibu la mtoto ni moja, na mambo yanayoonekana ni mengine. Motokari zimesimama mfululizo pande zote mbili. Nyingine zimepanda hata pale palipotengenezwa kwa ajili ya waendao kwa miguu. Mama mwenye mtoto mgongoni ashuka katikati ya njia, kwa kuwa pembeni hapapitiki. Mzee asimama ukingoni na fimbo yake, akingojea nafasi ya kuvuka, na nafasi haiji. Hakuna aliyewakataza kupita, wala hakuna sheria iliyosema kwamba njia si yao. Hata hivyo wamenyang'anywa.

Je, ni lazima iwe hivyo? Wengi husema: «Ndiyo maendeleo hayo, mji ukikua, motokari huongezeka, na mwenye miguu hana budi kujihadhari.» Sisi twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mji mmoja uliokataa neno hilo. Mji huo si mkubwa, wala si tajiri kupita mingine. Unaitwa Pontevedra, nao uko Galicia, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi ya Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno.

MJI WA WASAFIRI KWA MIGUU

Pontevedra una watu wapata 83.000. Umejengwa kando ya mto Lérez, pale mto unapokaribia kuingia baharini. Mtaa wake wa kale ni wa nyakati za kati: nyumba za mawe, viwanja vidogo, na njia nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya watu na wanyama wa mizigo. Tangu zamani mahujaji watokao Ureno hupita hapo, wakienda kuzuru kaburi la Mtakatifu Yakobo katika mji wa Santiago de Compostela, ulio mbele yapata kilometa 60. Ndiyo sababu katikati ya Pontevedra kuna kanisa dogo la Bikira Maria Msafiri, lililojengwa katika karne ya 18. Ukilitazama kutoka juu, umbo lake ni kama kombe la baharini, ambalo ni alama ya mahujaji.

Twaweza kusema basi kwamba mji huu ulizaliwa kwa miguu. Lakini katika karne ya 20 motokari ziliujia kama zilivyoijia miji yote, nao haukuwa na njia pana za kuzipokea. Zilipita katikati ya mtaa wa kale, zikasimama katika kila kiwanja, zikajaa mbele ya milango ya nyumba. Mnamo miaka ya 1990 njia moja tu ya katikati ilipitiwa na motokari zipatazo 14.000 kila siku. Moshi ulitanda, kelele hazikukoma, na ajali zilikuwa nyingi. Mtaa wa kale ukawa mahali pa kuogopwa, pakaingia na biashara ya madawa mabaya. Wenye uwezo walihama. Mji ulikuwa ukifa, na kufa kwake kulianzia moyoni.

UGONJWA ULIKUWA WAPI?

Mwaka 1999 wenyeji walimchagua meya mpya, Miguel Anxo Fernández Lores. Mtu huyu kazi yake ilikuwa udaktari. Naye daktari mwema hatoi dawa kabla ya kujua ugonjwa uliko. Yeye na wenzake wa baraza la mji walijiuliza: Motokari hizi zote zatafuta nini katikati ya mji?

Waligundua jambo ambalo wengi hawalifikiri. Motokari nyingi zilikuwa mle kwa sababu mbili. Nyingine zilikuwa zikipita tu, zikielekea upande wa pili wa mji bila haja yo yote katikati. Nyingine zilikuwa zikizunguka polepole, mara moja, mara mbili, mara tatu, zikitafuta mahali pa kusimama. Huko kuzunguka ndiko kulikoleta msongamano mkubwa kuliko kitu kingine. Na dereva anayetafuta nafasi ni wa hatari, kwani macho yake yako ukingoni, hayamwoni mtoto aliye mbele yake.

Hapo twaomba wanafunzi wachukue kalamu, wafanye hesabu pamoja nasi. Motokari moja ikisimama yahitaji mahali penye urefu wa meta 5 hivi na upana wa meta 2 na nusu. Zidisha: ni meta za mraba 12 na nusu. Motokari nane zikisimama, zimekalia meta za mraba 100, yaani kiwanja cha kutosha kujenga nyumba ya jamaa. Tena, mwenye motokari akiiendesha saa moja kwa siku, saa 23 zilizobaki imesimama tu. Tena, haitoshi kupata mahali pamoja: yataka mahali nyumbani, mahali kazini, mahali sokoni, na ikiwa hapa, pale pengine pamewekwa pakiingojea. Basi shida ya motokari katika mji mdogo si mwendo wake tu, bali ni kusimama kwake pia.

Jambo hilo si jipya. Huko Marekani, katika mji wa Oklahoma City, wenye maduka walilalamika kwamba nafasi zote mbele ya maduka zilijazwa tangu asubuhi na watu waliofanya kazi karibu, hata mnunuzi akija hapati mahali. Mwandishi wa gazeti aitwaye Carl Magee akabuni saa ya kutiwa fedha, ikasimikwa njiani siku ya 16 Julai 1935, ya kwanza duniani. Aliyetaka kusimamisha motokari yake alitia sarafu ya senti 5 kwa muda uliowekwa, na muda ukiisha sharti aondoke. Dawa hiyo imesaidia miji mingi, kwa sababu inamkumbusha mtu kwamba mahali anapopakalia si pake. Lakini watu wa Pontevedra walitaka kwenda mbele zaidi.

WALIVYOFANYA

Msingi wao ulikuwa mmoja, nao wauelewa hata mtoto. Lores alisema kwamba mtu kuwa na motokari si sababu ya kuwa na haki ya kukalia mahali palipo pa wote. Ukinunua kabati kubwa lisiloingia nyumbani mwako, hutaliweka njiani ukawaambia majirani walizunguke. Mbona basi iwe halali kwa motokari?

Katika muda wa mwezi mmoja tangu kuingia kazini, baraza jipya lilifunga mtaa wote wa kale, eneo la meta za mraba 300.000, likawarudishia waendao kwa miguu. Njia zikatandikwa mawe mapana, pasipo ngazi kati ya sehemu ya watu na sehemu ya magurudumu, ili kipofu asijikwae, na mwenye kiti cha magurudumu apite bila kusaidiwa. Kisha wakaondoa nafasi za kusimamisha motokari kandokando ya njia za katikati. Taa nyingi za kuongoza motokari ziliondolewa, pakawekwa mizunguko kwenye njia panda. Baadaye kazi ikaenea hata katika mitaa iliyojengwa katika karne ya 18 na baadaye.

Lakini tuangalie vema: hawakumwambia mwenye motokari aitupe mtoni! Walimwekea mahali pengine. Pembezoni mwa mji, mahali pa kufikika kwa miguu kwa muda mfupi, walitengeneza viwanja vya kusimamisha motokari bila malipo, jumla ya nafasi 1.686. Nyingine zikawekwa chini ya ardhi, kwa malipo. Mtu atokaye shamba aiacha motokari yake pembeni, aenda mjini kwa miguu, afanya haja yake, arudi.

Wala katikati hapakufungwa kama gereza. Motokari ya wagonjwa yaingia. Ya kuzima moto yaingia. Iletayo bidhaa dukani yaingia. Mwenye nyumba yenye gereji aingia. Lakini wote hawa huenda polepole, kwa mwendo wa mgeni katika nyumba ya mwenyewe. Hawapiti mle kwa kukata njia, wala hawakai kutwa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa: njia haikukatazwa kwa mwenye haja, ilikatazwa kwa asiye na haja.

WALIOPINGA

Tusidhani kwamba wote walifurahi. Wenye maduka wengi waliogopa, wakasema: «Motokari zikiondoka, wanunuzi nao wataondoka.» Tusiwacheke, kwa maana duka lilikuwa riziki ya watoto wao. Wengine walilalamika kwamba msongamano umesukumwa hadi njia za pembezoni, na kwamba viwanja vya kusimamisha havitoshi. Malalamiko ya namna hii yaliendelea hata miaka mingi baadaye, wala si yote ya bure. Mpango wa mji ni kama nguo ya mtoto: unashonwa vizuri leo, kesho wahitaji kuongezwa.

Lakini juu ya maduka, hofu haikutimia. Baraza la mji lilikataa kutoa ruhusa ya kujenga masoko makubwa ya kisasa nje ya mji, ambayo huwavuta wanunuzi kwa motokari na kuyaua maduka madogo. Tena, mtu aendaye kwa miguu huona kilichomo dukani. Hupunguza mwendo, husimama, husalimiana na mwenye duka, huingia. Aliye ndani ya motokari huona kisogo cha motokari iliyomtangulia.

MATUNDA YAKE

Mti hujulikana kwa matunda yake. Katika njia zile zile za Pontevedra, watu 30 walikufa kwa ajali tangu mwaka 1996 hata 2006. Katika miaka 10 iliyofuata walikufa watatu tu. Na mwaka 2018, habari hizi zilipoandikwa na magazeti ya nchi nyingi, ilikuwa imepita miaka kadhaa bila kufa hata mmoja. Tusome tena hesabu hiyo polepole. Hesabu ya waliokufa si ya mawe, bali ni ya baba, mama na watoto, na kila mmoja alikuwa na mahali pake mezani.

Kuna na matunda mengine. Moshi unaotoka katika motokari ulipungua kwa sehemu 70 katika 100. Safari nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa motokari, karibu robo tatu, zikawa zafanywa kwa miguu au kwa baiskeli. Na wakati miji mingine ya Galicia ilipokuwa ikipoteza wenyeji wake, katikati ya Pontevedra pakaongezeka watu 12.000. Waliokimbia kelele walirudi. Mwaka 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi ya watu liliupa mji huo tuzo katika mashindano ya Dubai. Na wenyeji wenyewe walitoa tuzo yao kwa namna yao: walimchagua Lores tena na tena, hata mwaka 2023 akaanza kipindi chake cha saba.

Jambo moja dogo limeigwa na miji mingi. Watu wengi walikuwa wakipanda motokari kwa sababu tu walidhani mahali wanapokwenda ni mbali. Mwaka 2011 baraza la mji likachapa ramani liliyoiita Metrominuto. Imechorwa kwa mistari ya rangi mfano wa ramani za treni za miji mikubwa. Lakini treni yenyewe ni miguu ya msomaji! Kati ya kituo na kituo imeandikwa urefu wa njia na dakika za kutembea. Aliyedhani kwamba soko liko mbali akaona imeandikwa dakika chache tu, akaiacha motokari nyumbani. Hapakuhitajiwa polisi, wala faini. Ilihitajiwa karatasi iliyosema kweli.

HESABU YA MWENDO

Yafaa wanafunzi wajue pia kwa nini mwendo umepunguzwa hata katika njia zilizoachwa wazi kwa motokari. Huko mwendo wa juu kabisa ni kilometa 30 kwa saa. Dereva aendaye kilometa 50 kwa saa, motokari yake hukata karibu meta 14 katika sekunde moja. Aendaye kilometa 30 hukata meta 8 na kidogo. Mtoto akitoka ghafula akifuata mpira, dereva huhitaji yapata sekunde moja ili aone, atambue, na mguu wake ukanyage breki. Katika sekunde hiyo wa kwanza amekwisha kwenda meta 14, na motokari bado haijaanza hata kupunguza mwendo.

Tena kuna hesabu ya pili. Nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Zidisha 50 kwa 50: ni 2.500. Zidisha 30 kwa 30: ni 900. Basi pigo la motokari iendayo 50 ni karibu mara tatu ya pigo la ile iendayo 30, ingawa mwendo wenyewe hata haujafika mara mbili. Mfupa wa mtoto haujui sheria za serikali. Waijua hesabu hii tu. Ndiyo maana mwezi wa Mei 2021 serikali ya Hispania iliamuru kwamba katika miji yote ya nchi, njia zenye mkondo mmoja wa motokari kila upande ziwe na mwendo wa kilometa 30 usiopitwa.

MTOTO NDIYE KIPIMO

Kuna mwalimu wa Italia, Francesco Tonucci, ambaye mwaka 1991 alianzisha katika mji wake wa Fano kazi iitwayo «mji wa watoto». Mawazo yake ni rahisi: watawala walikuwa wamezoea kuupanga mji kwa kumfikiria mwanamume mwenye nguvu, mwenye kazi na mwenye motokari; yeye aliwaambia wamweke mtoto mahali pa mtu huyo. Mji unaomfaa mtoto utamfaa na bibi kizee, na mgonjwa, na mama mjamzito, na mwanamume mwenyewe pia. Lakini mji unaomfaa mwenye motokari peke yake haumfai mwingine ye yote. Na hata yeye haumfai, akiisha shuka.

Pontevedra ulishika fundisho hilo. Watoto wengi wa mji huo huenda shule kwa miguu, na wengi bila kusindikizwa na wazazi. Na mtoto akiwa na shida njiani, wenye maduka huwa tayari kumsaidia. Hapo twaona kitu ambacho wazee wetu walikijua kabla ya motokari kuzaliwa: mtoto ni wa jamaa yake, lakini njiani ni wa wote. Mtu mzima aliyesimama mlangoni pake ni mlinzi bora kuliko taa kumi.

NA SISI JE?

Labda msomaji atasema: «Hayo ni mambo ya Ulaya, sisi hatuna mawe ya kutandika, wala fedha za kuchimba chini ya ardhi.» Ni kweli. Lakini katika mambo tuliyoyasimulia, yaliyo makubwa hayakuhitaji fedha nyingi. Kuamua kwamba malori yapakue mizigo ya soko alfajiri, kabla watu hawajajaa, si fedha. Kukubaliana kwamba mbele ya lango la shule hakuna chombo kitakachosimama saa za kuingia na kutoka watoto, si fedha. Kuwapa wenye pikipiki za abiria mahali pao maalum, karibu na soko lakini nje ya mlango wake, ili wapate riziki bila kuziba njia, si fedha nyingi. Kutosimamisha motokari penye kona, ambapo huwaficha wanaovuka, ni jambo la adabu tu.

Tena katika jambo moja sisi tumewatangulia. Watu wa Pontevedra walihitaji miaka mingi ili wafundishwe tena kutembea; katika miji yetu walio wengi hawajaacha bado. Kila asubuhi njia zetu hujaa wanafunzi, akina mama wenye mizigo, wafanya kazi, wote kwa miguu yao. Basi anayepanga mji wetu, akianza na motokari, amewasahau walio wengi. Akianza na miguu, amewakumbuka wote. Ni afadhali kuilinda nyumba ingali nzima kuliko kuijenga upya baada ya kuungua.

Wazazi, zungumzeni habari hizi na watoto wenu mezani. Nanyi wanafunzi, fanyeni kazi hii siku moja: mhesabu hatua na dakika kutoka nyumbani hata shule, hata kanisa, hata soko, hata dispensari, mkachore ramani yenu wenyewe kama ile ya Pontevedra. Mtie alama nyekundu kila mahali ambapo mtoto mdogo hawezi kuvuka peke yake bila hatari. Kisha mwonyesheni mwalimu, naye awaonyeshe wakubwa wa mtaa. Wakubwa wakiona alama hizo nyekundu zilivyo nyingi, na kwamba zimeandikwa kwa mkono wa watoto wao wenyewe, watajua mahali pa kuanzia kazi.